Jani Bichi Juu ya Lami

Kwanza walimnyima kazi kwa kukosa uzoefu.
Miaka ishirini na mbili kwenye magari ya jeshi,
tope hadi kwenye ekseli, usiku, taa zimezimwa,
na kijana wa ofisini pale Shangani
akamuuliza, "Uzoefu huo uko wapi kwa maandishi?"
Akarudi darasani. Akakaa dawati moja na watoto
waliozaliwa yeye tayari ni koplo,
akachora kipilefti kwa penseli na rula,
akapewa leseni daraja E
ya kuendesha alichokwisha kuendesha.

Mimi ndiye utingo wake.
Jina lake Sajini Nandonde; bandarini ni Afande Makaa,
kwa sababu tunabeba makaa ya mawe kutoka Songea,
tunayamwaga Mtwara, tunapandisha tena na gari tupu.
Hujapata kuona Howo iliyotandikwa kama kitanda cha kambini:
shuka halina kunyanzi, ndala zimeelekea mlangoni,
chupa ya chai kushoto, tochi kulia.
Saa kumi alfajiri: "Dogo, mguu sawa!"
nami najikuta nimesimama
kabla sijajua tuko wilaya gani.

Hapigi honi ovyo. Hasimulii.
Ukimuuliza habari za huko walikopelekwa kulinda amani
atakwambia kulikuwa na viazi vizuri.
Basi. Viazi.

Ila usiku ule, tumeshaipita Mangaka,
nina ming'oko ya moto mapajani, namenya,
redio inakoroma,
mara breki.
Tani thelathini zikalia kwa pamoja. Ming'oko yote chini.
Mbele yetu, kwenye lami, matawi.

Matawi tu, jamani.
Mtoto yeyote wa barabara hii anajua:
mbele kuna gari limekufa, punguza mwendo, pita kulia.
Nikasema, "Afande, gari bovu hilo."
Akazima taa.
Mikono ilikuwa kwenye usukani, mwenyewe hakuwepo.

Akasema taratibu, kama anayesoma kibao cha mbali,
"Jani bichi juu ya njia. Nani kalikata? Kwa nini hapa?
Mkalipa alikuwa gari la kwanza."

Sikumjua Mkalipa.
Nilimjua palepale,
kwa jinsi kimya kilivyojipenyeza kati yetu
kikakaa kama abiria aliyelipa nauli.

Sasa ningefanya nini? Sina cheo, sina dawa.
Nikashuka.
Nikayakanyaga matawi moja moja kwa ndala zangu,
kwa kelele, makusudi, ayasikie yakivunjika,
hadi la mwisho, hadi kwenye Fuso ya ufuta
iliyopasuka tairi mbili,
dereva wake kalala chini ya bodi, mguu mmoja nje.
Nikarudi na tawi, nikampa dirishani.

Akalinusa.
Muda mrefu alilinusa.
"Mkorosho," akasema.
"Ndiyo, Afande. Mkorosho."
"Wa kwetu."
"Wa hapa hapa."

Halafu akashuka na jeki,
akamfokea yule wa Fuso kwa kulala chini ya gari,
akamfungia tairi zote mbili kwa mikono yake,
akakataa soda.
Kulipokucha tulikuwa Masasi tunakula chapati,
na hakuna aliyesema kitu.

Sijamwambia tajiri. Wala mke wake.
Wangemnyang'anya funguo, na bila funguo
angebaki na viazi vyake tu.

Siku hizi tukikuta matawi hafungi breki.
Anapunguza gia, anauliza akitazama mbele,
"Dogo?"
"Gari bovu, Afande."
"Una uhakika?"
"Nina uhakika."
Uongo. Ni giza, sioni hata kucha zangu.
Naye anapita kulia, polepole, na tani zake thelathini,
akiyakwepa majani,
asikanyage hata moja.