Mara ya Tisa

Barua ilifika saa mbili na dakika arobaini asubuhi,
darasa la kwanza ndio kwanza wamevua viatu vya theluji.
Mwalimu mkuu, Bi Ināra, aliisoma amesimama,
koti bado mabegani:
kuna baruti shuleni, italipuka saa tatu na nusu.
Kilatvia chake kibovu, maneno yamekatwa mikia,
kama cha mtu aliyeutafsiri uongo kwa mashine
na asijali hata kuupiga pasi.

Njia ya mwongo ni fupi, husemwa.
Huyu wetu njia yake ni ndefu.
Guntars wa polisi anasema barua ilipita nchi nne
ikibadili nguo kila mpaka,
na mwisho wa njia hiyo pengine hakuna mtu,
pengine ni chumba chenye feni na taa ndogo za kijani
kilichotuma barua hiyo hiyo kwa shule mia.

Mimi ni mtunza funguo. Naitwa Vitolds. Naweka daftari.
Mara ya kwanza, Septemba, watoto walilia,
na Skaidrīte wa jikoni akaacha supu ya bitiruti motoni;
harufu ya kuungua ilikaa koridoni wiki nzima.
Mara ya tatu alizima jiko.
Mara ya tano aliita vijana wawili wa darasa la tisa
wakabeba sufuria hadi uwanjani, kifuniko kimefungwa kwa taulo.
Leo amebeba na vikombe.

Wazazi wanauliza: mpaka lini? Si tumeshazoea?
Hapo ndipo anapotutaka, huyo asiye na uso.
Tukimbie hadi tuchoke,
kisha tuchoke hadi tuache kukimbia.
Lisemwalo lipo, na kama halipo laja:
methali nzima ameigeuza mtego.

Basi tulitoka.
Odrija wa darasa la pili huhesabu wenzake kwa sauti,
hakuna aliyemtuma.
Kumi na saba. Kumi na nane.
Akarudia. Kumi na nane.
"Rolands hayupo."

Mbwa wa polisi alikuwa bado njiani kutoka Daugavpils.
Guntars alinishika mkono: subiri.
Sikusubiri. Msiniite shujaa;
magoti yangu yalikuwa maji,
na kichwani nilikuwa nagombana na mtu nisiyemjua,
namtukana kwa Kilatgale, lugha ya mama yangu,
ambayo mashine yake bado haijaionja.
Koridoni saa ya ukutani ilikuwa na sauti.
Miaka kumi na moja, sikuwahi kuisikia.
Saa tatu na dakika ishirini na moja.

Nilimkuta chumba cha makoti, chini ya benchi,
kiatu kimoja mguuni, anatafuta glavu.
"Ni uongo tu," akasema bila kunitazama.
"Kila mara ni uongo."
"Najua," nikasema.
Sikuwa najua.
"Vaa kiatu."

Akavaa polepole, kama mtoto yeyote.
Akafunga kamba. Ikafunguka.
Nikasimama pale, jasho linanitambaa mgongoni,
nikisubiri fundo la pili.

Uwanjani Odrija alimgusa kifuani kwa kidole: kumi na tisa.
Saa tatu na nusu ikafika, ikapita.
Hakuna aliyepiga makofi.
Skaidrīte akanipa kikombe, na mikono yangu
ikamwaga nusu ya supu, nyekundu, kwenye theluji,
watoto wakanicheka, nami nikawaacha wacheke.

Mbwa alifika saa tano. Akanusa kila chumba,
akapiga chafya kwenye vumbi la chaki.

Jioni nilifungua daftari.
Mara ya tisa. Hakuna kitu, nikaandika,
kisha nikakata mstari juu ya maneno hayo mawili.
Mara ya tisa. Wanafunzi mia mbili na kumi na wanne. Wote.
Glavu moja, ya kijani, haijapatikana.