Marupurupu

Barua ya kazi nilisomewa na Tsuma wa ofisini,
kidole chake kikishuka mstari kwa mstari
kama mtu anayetafuta chawa.
Mshahara, huo tuuache, haukuchukua muda kusomwa.
Kisha sauti ikapanda: "Sasa marupurupu."

Buti za mpira, jozi moja kwa mwaka.
Lori, Gongoni mpaka kwenye mabwawa ya chumvi,
mvua ikinyesha ni miguu yako.
Maharagwe ya saa sita.
Zahanati: vidonge vya maumivu, na bendeji kwa aliyejikata.
Chumvi kilo mbili kila mwisho wa mwezi.
Na siku tatu za msiba, kwa malipo,
akifa mzazi, mume au mtoto.

Nilicheka hapo kwenye chumvi.
Kutwa natembea ndani yake,
imenipasua visigino, imeingia mpaka kitovuni,
nikilamba mdomo nimekula mali ya kampuni,
na bado wanifungie ya kwenda nayo nyumbani?

Lakini nilikwenda nayo.
Mwezi wa kwanza majirani walikuja na vikombe.
Mwezi wa tatu wakaanza kunikwepa.
Kilo zikapangana chini ya kitanda cha shangazi Mbeyu,
aliyenichukua sijaacha titi,
na ambaye daktari wa hospitali ya Malindi alimwambia:
kwa presha hii, mama, chumvi usiionje tena.
Miaka minne alilala juu ya chumvi
akila mchicha wa chukuchuku.
"Wengine husifiwa wamekula chumvi nyingi," aliniambia.
"Mimi nimeilalia tu. Sijui kama itahesabiwa."

Haikuhesabiwa. Alikwenda alfajiri ya Jumanne,
lori likipiga honi nje.

Nilipanda. Ndiyo, nilipanda,
leso yangu ingali mbichi kwa maji niliyomfutia uso,
nikaenda kusimama mbele ya meza ya Tsuma.
"Siku tatu," nikasema.
"Nani?"
"Shangazi."
Akafungua faili, kidole kikashuka tena.
Mzazi. Mume. Mtoto.
Kikafika mwisho wa karatasi, kikakaa pale.
"Shangazi hayumo."

Nje kinu cha kusagia kilikuwa kinanguruma.
Feni ikageuza shingo: kwake, kwangu, kwake.
"Yeye alikuwa akikuitaje?"
"Mwanangu."
Hakuniangalia. Akachukua kalamu,
akaandika MAMA, akapiga muhuri.
"Leo, kesho, keshokutwa.
Ijumaa lori litakupigia honi."

Kilo zile tulizitoa uvunguni
zikaungia sufuria zote za matanga,
na watu wakasema chakula kimekolea.

Sasa nina jambo ambalo halimo kwenye barua.
Mama yangu wa kunizaa, Nyevu, yu hai,
yuko Marereni anauza viazi karai,
na ofisini ni marehemu.
Tsuma amestaafu. Walimpa saa ya ukutani
na, nadhani, chumvi.
Imekuja kompyuta, na kijana wa kuilinda.
Juzi aliniita: "Hapa naona mama alishafariki. Pole."
Nikasema ahsante.
Ningesema nini? Mama hafi mara mbili,
na kalamu ya Tsuma ina watoto shuleni.

Jumapili nilimweleza mwenyewe, akigeuza viazi.
Nilidhani atanuna, kuzikwa hivi bila habari.
Alicheka mpaka mwiko ukamponyoka kwenye mafuta.
"Kumbe nimeshatumika!
Haya, usijali. Mimi nitafia siku yako ya mapumziko."
Kisha akanyamaza kidogo.
"Mbeyu alistahili," akasema, kwa sauti ya chini.
Akanifungia viazi vitano kwenye gazeti,
cha sita akakionja, akakunja uso:
"Mbona havijakolea?
Mwezi huu hawajawapa?"