Siku Tisini Zikisha

Kaa kwanza, Bi Mwantumu. Sogea huku, benchi hilo lina msumari.
Simu yako sijaiuza. Ningeiuza ningekwambia,
maana ukutani nimeandika na wewe unasoma:

    Simu isochukuliwa
    siku tisini zikisha,
    fundi hatalaumiwa,
    na maneno yamekwisha.

Uliileta kioo kimepasuka kama chapati ya juzi,
ukaacha elfu tano, ukaenda msibani Lushoto,
ukakaa mwaka na nusu.

Akaja Hizza, yule kijana wa chuo,
akauliza kama ninayo simu iliyokufa uso
lakini akili zake timamu.
Nikamfungulia droo.
Akachagua yako.

Humo ndani mlikuwa na mambo, Bi Mwantumu.
Dira. Jicho. Saa isiyokosea.
Na kidude kidogo kama chawa
kinachojua simu imelala chali au ubavu.
Wenye mali, alisema Hizza, huviagiza kimoja kimoja
kwa bei ya nyumba ya Raskazone.
Wewe ulikuwa ukivifunga kwenye pindo la kanga.

Tukang'oa kioo, tukang'oa spika,
huko iendako hakuna wa kusikia.
Tukaitia kwenye kiboksi cha aluminiamu:
upana kiganja, urefu kiganja, kimo kiganja.
Antena ni futi ya chuma ya Semboja seremala,
ile iliyokatika inchi saba za mwanzo;
ukiikunja haisahau kunyooka.

Tuliifunga juu ya mashine ya kukoboa, Mwanzange,
ikatikisika asubuhi nzima na mahindi ya watu.
Tukailaza kwenye friza la samaki, kati ya vibua.
Tukaitia tanuri la mikate.
Fundi friji akaifungia kwenye sufuria la presha
akainyonya hewa yote.
Betri ya kwanza ilivimba kama andazi.
Hizza alilia, mtu mzima na ndevu zake.
Tukanunua nyingine.

Sitakuchosha na habari ya safari.
Roketi ni ya watu. Sisi tulipewa upenyo,
kama kuku chini ya kiti cha basi.

Sasa iko juu.
Hapana, hapo ni dari.

Huko jua huchomoza kila dakika tisini.
Nimepiga hesabu nyuma ya risiti:
siku tisini za kule
hazimalizi wiki yetu moja hapa Ngamiani.
Basi lile tangazo langu, hata sijui linasemaje.

Ilituletea picha moja, vipande vipande, siku nne.
Mawingu, mawingu, halafu Pemba,
kama jani la mwarobaini ndani ya beseni.
Tanga ilikuwa kwenye kipande ambacho hakikufika.

Kadi yako nilikutolea. Hii hapa, kwenye pakiti ya panado,
jina lako juu. Harusi ya Mwanaidi imo yote.

Lakini kuna jambo.
Kila alfajiri, saa kumi na nusu,
kiboksi kilikuwa kikijitikisa.
Dakika moja, kisha kimya.
Wiki nzima tulitafuta kosa. Hizza alikonda.
Alishuku jua, alishuku betri, alinishuku mimi na risasi yangu ya kulehemu.
Mpaka usiku mmoja akaniuliza,
"Huyu mama, kazi yake nini?"
Nikasema, vitumbua.

Tulikuwa hatujaifuta kengele yako.
Spika hakuna, lakini kile kitetemeshi tulikiacha.
Kwa hiyo kila siku, popote ilipo,
juu ya Bara Hindi, juu ya barafu, juu ya watu
wasiojua kitumbua ni nini,
inakuamsha.

Hizza anaweza kuizima kutoka juu ya paa lake.
Amekataa. Anasema mpaka mwenyewe aseme.
Mwakani itashuka, itaungua, haitabaki hata skrubu.

Mbona unacheka?

Haya. Elfu tano yako. Na kitochi hiki, chukua,
betri yake inakaa wiki.
Nikutegee saa ngapi?