Sampuli 0417

Udongo hufika Kabete siku za Jumanne,
katika mifuko ya khaki iliyofungwa kwa katani,
kilo moja moja, kama sukari ya mkopo.
Kazi yangu ni kuufanya usahau kwao:
naukausha kwa nyuzi arobaini,
nauponda, nauchekecha,
tundu la chekeche milimita mbili, si zaidi.
Kipitacho ni udongo.
Kisichopita, mwongozo wasema, kitupwe.

Nimetupa mengi miaka hii kumi na mmoja:
mizizi ya mbaazi, magamba ya konokono,
kifungo cha shati la shule,
na siku moja jino la mtoto.
Niliketi nalo hadi chai ikapoa.

0417 ulikuwa mwekundu uliopauka,
kama leso ya kazi.
Fomu ilijazwa kwa kalamu ya risasi:
Mwenye shamba: Kavindu Nthenge, Kathonzweni.
Ukubwa: ekari moja na kipande.
Matumizi ya awali: ndengu, mtama, ugomvi wa mpaka.
Na pale palipoandikwa KWA MATUMIZI YA OFISI TU
ameandika yeye:
*Mlichukua mwingine miaka mitatu iliyopita.
Mlisema mtarudi na majibu.
Ule nao ulisemaje?*

Nje, jakaranda zilipukutisha maua juu ya magari ya mradi,
nembo mlangoni, matope ya kaunti nne magurudumuni.
Nilishuka ngazi kuutafuta ule wa kwanza.
Mitungi imejipanga hadi darini,
kila mmoja na utepe wake:
Mwala, Ugenya, Laikipia,
nchi nzima imekaa kimya rafuni
ikingoja kuitwa, kama watu kwenye benchi ya zahanati.

Niliukuta. Ulikuwa umekwisha sema, zamani:
kaboni sifuri nukta sita,
fosforasi haitoshi kutajwa.
Majibu yalichapishwa. Yalisomwa ukumbini, mjini hapa hapa,
watu wakapiga makofi, wakaenda kula samaki.
Hakuna hata mmoja aliyepanda basi la Wote.

Nikapiga simu saa saba mchana, kwa salio langu.
Kuku walisikika kabla yake.
"Mama, shamba lako lina upungufu wa—"
"Najua," akasema.
"Nilipoona kimya, nililigawa mara mbili.
Upande wa juu nikachimba mashimo, kina cha kiwiko,
nikatia samadi ya mbuzi.
Upande wa chini nikauacha mlivyouacha.
Vuli ya kwanza, madebe matatu juu, moja chini.
Ya pili mvua ilikata siku ya thelathini na mbili:
juu nikapata debe na nusu,
chini nikapata mabua.
Nimeandika yote nyuma ya kalenda ya duka la pembejeo.
Sasa huu mliochukua juzi ni wa upande gani?
Kijana wenu hakuuliza."

Mizani yangu husoma hadi tarakimu ya nne,
haisomi upande.

Nikamwomba anisomee kalenda.
Akasoma polepole, mwezi baada ya mwezi,
akikwama penye doa la mafuta ya taa,
akirudi nyuma kujisahihisha: "La, hiyo ilikuwa Novemba."
Nami nikaandika, mwanafunzi mwenye mvi,
hadi salio likakatika katikati ya mbaazi.

Jioni nilijaza ripoti.
Palipo *mtafiti mkuu* jina la daktari wetu lilikuwa limekwisha chapwa.
Sikulifuta; nina karo ya watoto wawili.
Lakini juu yake palikuwa na nafasi, upana wa ukucha.
Nikaandika hapo Kavindu Nthenge,
kwa kalamu ya risasi, kama yake.

Kisha nikarudi kwenye chekeche.
Uliopita ulipita.
Juu ya waya vilibaki vijiti, kokoto tatu,
na kinyesi cha mbuzi, kimoja,
kikavu, cheusi, cha mviringo,
kilichoukataa mchi.

Basi. Ni wa upande wa juu.