Ghorofa ya Saba Kwenda Chini

Kompyuta hii niliirithi pamoja na kiti kinachoyumba,
daftari la madeni, na funguo tatu zisizofungua kitu,
katika duka la vipuri, barabara ya Kirinyaga,
wiki Masakhwe alipohamishiwa tawi la Lodwar.
"Hesabu zikikulemea," aliniambia, "fungua lile faili jeusi.
Lakini usije ukanilaani."

Hakuna picha. Hakuna muziki.
Giza tu, na nukta, na vistari vya kuta,
na wewe ni *a* iliyojizungushia mkia,
kama mtoto aliyejiviringisha blanketi akisikia hatua.
Kando yako *d* ndogo: mbwa.
*D* kubwa ni joka, na ukilidhania mbwa
hutakosea mara ya pili.

Mara ya kwanza nilikufa kwa kunywa maji ya chemchemi.
Ya pili, kwa nyama niliyodhani bado haijachacha.
Ya nne aliniua mbwa wangu mwenyewe,
niliyemsahau na njaa yake nikihesabu dhahabu.
Ya kumi na tisa nilikuwa nashinda.
Hapo ndipo kinapouma: pale unaposema, "Sasa."

Ukifa umekufa. Hurudishwi hata hatua moja.
Kaburi linachorwa kwa vistari, na ndani yake jina lako,
pesa ulizoacha,
na aliyekuua, hata awe panya.
Ukianza tena, kuta zimehama, ngazi zimehama,
chupa ya buluu iliyokuponya jana
leo inakupofusha.
Unachobaki nacho ni kuogopa kwa ufundi zaidi.

Kiptanui, kijana wa kupakua mizigo,
alinichungulia begani akiwa na kikombe:
"Dada, huu ni mchezo, au ni risiti imeharibika?"
Kaa, nikamwambia.
Saa nzima ikapita. Chai yake ikaota utando.
Kisha akanishika mkono, sauti imemkauka:
"Hiyo chupa, tafadhali. Usiinywe."

Halafu Aprili. Mvua juu ya mabati ya magereji,
mto ukinguruma nyuma kama injini isiyo na oili,
Bwana Vekaria ghalani anahesabu fani belti,
nami nikashuka ngazi ya saba
nikakuta chumba kimekwisha piganiwa:
mishale sakafuni, mlango vipandevipande,
rundo la mali katikati,
na juu ya rundo, kikitangatanga, kivuli chenye jina.
Masakhwe.

Sikujua kwamba mchezo huu huweka mifupa.
Kwamba kila aliyekufa kwenye mashine hii
huenda yuko mahali, amekalia vitu vyake,
akimsubiri atakayerithi kiti.

Nilimpigia Lodwar saa tatu usiku.
Upepo ulipokea simu kabla yake.
"Nimekukuta," nikasema. "Ghorofa ya saba."
Kimya. Nikadhani salio limeisha.
"Nilikufa na nini?"
Nikamwambia: upanga, viatu, taa, chupa nne.
"Upanga acha. Una laana, ndio ulioniua,
haukubali kutoka mkononi. Chukua viatu."
Kisha, polepole:
"Kiti bado kinayumba?"

Kinayumba.
Nikapigana na kivuli chake hadi kikayeyuka,
nikiomba radhi kwa kila pigo kama mwendawazimu,
nikavaa viatu vya mtu aliye hai
na nikashuka ya nane mwepesi, nikiruka,
hatua kumi na mbili, labda kumi na tatu.

Nyuki.
Baada ya yote hayo, nyuki.

Bwana Vekaria ameshateremsha chuma cha mlango nusu,
ananiita, mvua inamwingia shingoni.
Dakika moja, namwambia.
Kuta zimehama.
Na ngazi ile pale, kushoto, hatua tatu tu,
iko karibu kupita inavyopaswa.