Nimepanda Kiti

Kila Alhamisi, saa kumi kasoro robo,
mnyororo wa baiskeli ya Bogumiła hulia langoni mwa bustani,
nyuma ya reli, mashariki mwa Łódź,
nami huinua macho kutoka kwenye matuta yangu ya figili.
Ploti yake ni ya arobaini na moja, yangu arobaini na mbili.
Kati yetu kuna ua wa waya na mti mmoja wa plamu
usiojua ni wa nani.

Yeye hupokea simu za dharura.
Zamu nzima, vipokea sauti masikioni:
moto ghorofa ya nne, baba ameanguka bafuni,
mtoto ananong'ona kutoka kabatini
na hajui jina la mtaa anaoishi.
Simu ikikatika, inaingia nyingine.
Mwisho wa habari haambiwi.
"Ni kama kusoma vitabu elfu," aliniambia siku moja,
"na kila kimoja kimechanwa ukurasa wa mwisho."

Basi hufika, akaegemeza baiskeli kwenye kibanda,
akatoa kiti cha turubai chenye mistari ya kijani,
akaketi.
Ndiyo hivyo tu. Akaketi.
Simu huitia ndani ya ndoo, akaifunika kwa sufuria.
Nimewahi kuisikia ikitetema humo
kama nyigu asiyejua pa kutokea.

Mwaka wa kwanza nilimwona mvivu, siwezi kuficha.
Niliendesha tramu miaka thelathini na mmoja.
Nililelewa na mama aliyeketi siku za kujifungua tu,
na nyumbani kwetu mikono mitupu ilikuwa aibu
kama suruali iliyochanika matakoni.
Magugu yake yakavuka ua, yakaja kunisalimu.
Niliyang'oa nikiyahesabu kwa sauti, ili asikie.
Alisikia. Akanipungia mkono.

Mwezi wa Juni kamati ikaleta barua, muhuri na sahihi:
ploti lazima ilimwe, theluthi yake iwe mboga au matunda,
mpangaji aeleze amepanda nini msimu huu.
Bogumiła akaazima kalamu yangu,
akaandika juu ya goti
maneno mawili:
Nimepanda kiti.

Nilicheka hadi meno ya bandia yakalegea.
Kisha nikaacha, kwa sababu alisema, akiutazama mti wa plamu,
"Bwana Zenon, majira ya baridi yale, kabla sijapata ploti hii,
nilisimama jikoni na birika mkononi
nisijue ni la kazi gani.
Maji niliyajua. Moto niliujua. Birika, hapana.
Daktari akaniuliza: unapumzika lini?
Nikaitafuta siku ndani ya wiki
kama mtu anayepapasa sarafu katika koti la mwenzake."

Usiku ule niliiwaza tramu yangu.
Kila mwisho wa njia, ratiba ilinipa dakika saba.
Hazikuwa zawadi. Zilichapishwa, na mkaguzi alizisimamia.
Chuma kinapoa, breki zinashusha pumzi,
dereva anakula mkate wake wa yai.
Nani aliwahi kuchapisha dakika saba za mama yangu?

Kamati ilijibu kwa faini, zloti hamsini. Akalipa.
Nami, bila kumwambia, nikafukia maharage kando ya ua wake,
yapande waya, yahesabiwe, mwenyekiti aridhike.

Na Alhamisi hii nimetoka na stuli yangu.
Nimeiweka upande wangu wa plamu.
Dakika ya kwanza mikono ilihangaika
kama wageni wasioonyeshwa pa kukaa.
Ya pili niliona gugu.
Ya tatu nikaliona tena.
Ya nne ikapita treni ya mizigo, nikahesabu mabehewa,
nikapotea kwenye la kumi na tisa,
na wala sikutaka kuanza upya.

Bogumiła hakugeuka.
Alisogeza tu glasi ya chai juu ya nguzo ya ua,
karibu na mkono wangu,
na ndani ya ndoo, chini ya sufuria,
kitu kikatetema,
kikatetema,
kikanyamaza.