Chuchu Mbili

Mwaka jana alizaa pacha, tukamwita Nalongo.
Nilimfunga kitambaa shingoni kwa mzaha
na Nabukalu akaja na pombe ya ndizi,
kama vile tumepata wajukuu.

Mwaka huu tumbo limetangulia.
Akipita mlango wa banda linakwaruza miti,
kushoto, kulia.
Wapita njia wa Kasambya wanasimama kumsifu:
"Una bahati wewe, mbuzi wako ni benki."
Benki, haya.
Ila usiku nimelala macho
namsikia benki yangu akisaga meno.

Ssebuufu wa mifugo alikuja kwa pikipiki,
akabonyeza ubavu, akanyamaza,
akabonyeza tena. "Watatu," akasema.
Wiki sita za mwisho ndipo watoto hujenga mifupa,
wote kwa pamoja, mafundi watatu
wanaochomoa tofali kwenye ukuta mmoja.
Wanavyokua wanalisukuma kando tumbo la kucheulia
mpaka linabaki kama kifuko cha tumbaku,
na yeye aliyepaswa kula kwa wanne
anakula kwa nusu.
Mwili unaanza kujichoma wenyewe:
mafuta ya mgongo, mafuta ya figo,
hadi ini linalemewa
na moshi wake unatokea mdomoni.

Niliinama nikanusa.
Kweli, harufu tamu,
ya ndizi zilizosahauliwa shimoni
tangu juma lililopita.

Mama yangu alikuwa na mapengo mawili.
"Hili la Babirye, hili lako wewe,"
alikuwa akisema, akigusa kwa ncha ya ulimi,
bila kinyongo,
kama mtu anayekuonyesha mpaka wa shamba.
Walimwimbia mama, walimpigia ngoma,
walimpa jina kubwa la mzaa pacha.
Maziwa, hakuna aliyemletea.
Nimefika miaka hamsini na miwili ndipo naliona hilo,
nimepiga magoti kwenye mkojo wa mbuzi.

Molasi kwa chupa ya soda, asubuhi, mchana, jioni.
Sindano chini ya ngozi.
Pumba, lakini kiganja kimoja kimoja,
maana tumbo lililosahau kula huogopa wingi.
Majani ya viazi. Maji ya vuguvugu.
Nikamwinua, nikamtembeza hadi kwenye mutuba na kurudi,
miguu imemvimba,
macho yananitazama, hayanioni.
Mume wangu akauliza kilo ya nyama ni bei gani siku hizi.
Nikampa mgongo.

Ilipotimia siku ya mia na arobaini na tatu
wa kwanza akatanguliza kwato.
Wa pili akafuata kabla mwenzake hajalambwa.
Wa tatu alikuja kinyumenyume,
mwepesi kama kofia yenye maji.
Nilimsafisha pua kwa kidole,
nikamsugua kwa kanga kuukuu.
Akavuta pumzi. Akasita.
Nikahesabu hadi saba.
Akavuta tena.

Majina ya pacha tumerithi, hayana shida:
yule Waswa, yule Kato.
Wa tatu wa tumbo hilo hilo nimwite nani?
Wenzake wameshika chuchu, huku mmoja, huku mmoja,
mikia inapiga hewa,
naye anazunguka nyuma ya mama
akinyonya manyoya.

Leo Nalongo amesimama bila mkono wangu.
Mbavu zote unaweza kuzihesabu,
lakini taya linakwenda, polepole,
anacheua.
Mdogo yuko jikoni karibu na majivu,
ananyonya ile ile chupa ya molasi,
maziwa ya ng'ombe, vijiko vinne kila mara.

Nabukalu kaja na kibuyu chake, vigelegele vimeanzia njiani.
Nikamwambia, dada, geuka nacho.
Ukirudi,
leta pumba.